Bibi yetu wa Rufiji ametutoka, sasa tunashindwa kujua alizaliwa lini

mjukuu_wa_mto

Wakuu habari zenu. Bibi yangu mzaa mama ametutoka Ijumaa ya tarehe 10 Januari alfajiri, hapa Ikwiriri, nyumbani kwake kitandani kwake. Hakuumwa sana, siku nne tu za homa na kukataa chakula. Tukamzika siku hiyohiyo baada ya swala ya Ijumaa. Naomba mniwie radhi uzi utakuwa mrefu, nimekuja kuomba msaada lakini kila nikianza kuandika najikuta namuongelea yeye.

Shida yenyewe ni hii. Kwenye kufuatilia cheti cha kifo fomu inataka tarehe ya kuzaliwa, alafu mama mdogo anataka tuweke kibao kaburini chenye mwaka aliokuja na mwaka aliondoka. Wa kuondoka tunao, wa kuja ndo vita. Kitambulisho chake cha taifa kinasema 1940, yani kafa na miaka 84. Mama mdogo anasema haiwezekani, Bibi kavuka tisini zamani. Na mjomba mkubwa siku ya msiba alisimama mbele za watu akasema mama yake alikuwa na miaka 110 maana aliiona manowari ya Mjerumani kwa macho yake, watu wote wakaitikia mashallah. Sasa kati ya 84 na 110 kuna mtu mzima kabisa hapo katikati, ana ndevu na watoto.

Bibi mwenyewe hakuwahi kutaja namba. Ukimuuliza una miaka mingapi anakwambia "nimekula mpunga mwingi" basi anarudi kwenye ukili wake. Alikuwa anasuka mikeka mpaka mwaka juzi, macho hayaoni vizuri ila vidole vinaona.

Nawawekea hapa yale aliyokuwa anasema, labda kuna mtu anayejua mambo ya zamani atatusaidia kuunganisha.

Alizaliwa kule delta, mikokoni, baba yake alikuwa mkata boriti. Anasema walikuwa wanazihesabu kwa korija, ishirini ishirini, majahazi yanakuja kuzichukua yanapeleka mpaka Arabuni. Mama yake alimwambia kazaliwa mwaka wa nzige, walipokuja wakala mpunga wote jua likawa kama limefunikwa na turubai. Alipovunja ungo akawekwa ndani, na akiwa bado mwali ndani ndo askari wa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza enzi za ukoloni) wakarudi kutoka vitani, kijiji kizima kikaenda kuwapokea na yeye hakuruhusiwa kutoka. Hiyo stori katusimulia mara mia. "Nilisikia vigelegele, nikasikia ngoma, buti hata moja sikuiona." Alikuwa anaisema kwa uchungu kabisa kama imetokea jana.

Msimu uliofuata akaolewa, akaja bondeni huku kwa babu, huko juu ya mto. Kwenye sanduku lake tumekuta kadi ya TANU ya 1957, imefungwa kwenye kipande cha kanga pamoja na shanga. Na mjomba mkubwa, yeye anakumbuka siku ya Uhuru, anasema alikuwa kibogoyo, meno ya mbele yametoka, wenzake wanamtaka aseme "Tanganyika" wanamcheka.

Naombeni mawazo. Mimi ndo niliyepewa kazi ya kujaza hiyo fomu.

kusini_kwetu

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana mkuu, Mungu amlaze pema.

Hilo la kutokuwa na tarehe liko kwetu pia Lindi, ila wazee wetu walikuwa na kalenda yao. Bibi yangu kila kitu alikuwa anakipima kwa tufani. Kabla ya tufani, baada ya tufani. Ile tufani iliyopiga Lindi Aprili 1952 iliyong'oa mabati na minazi, yeye alikuwa na mimba ya mama yangu, kwa hiyo mama yangu hana shida hata kidogo, mwaka wake unajulikana mpaka kwenye vitabu. Kaka yake mama yeye ni mwaka wa karanga, Waingereza walipokuja kufyeka pori Nachingwea na matrekta kulima karanga. Hiyo ni 1947 kuendelea, na mradi wenyewe ulikufa mapema tu, 1951 walishaachana nao. Babu alikuwa anasema pori lilifyekwa, karanga hazikuonekana.

Kwa hiyo usidharau hayo maneno ya Bibi. Ukiyakalia vizuri yanatoa mwaka.

mwana_mvita

Pole ndugu yangu, mimi ni wa Mombasa. Nimeshtuka kuona manowari hapa. Mzinga wa hiyo manowari upo kwetu, umewekwa Fort Jesus, tukiwa watoto wa shule tulikuwa tukiupanda mpaka tufukuzwe. Jina la meli ni Königsberg. Waingereza waliisaka ikajificha huko kwenu Rufiji ndani ya mikoko miezi na miezi, mwisho Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1915 baada ya kupigwa mizinga, kisha wakaing'oa mizinga yake wakaenda kuipigania nchi kavu.

Kwa hiyo kama Bibi aliiona ikipigana, mjomba wako ana haki, na hiyo 110 ni ndogo. Lakini haiingiani na hao askari wa Keya, kama ni wale waliorudi vita vya pili vya dunia. Mwali wa miaka thelathini yuatoka wapi?

Nyanya yangu mimi alizaliwa mwaka lilipofunguliwa daraja la Nyali la maboya, 1931. Alikuwa akijisifu kuwa yeye na daraja ni pacha, na lilipokuja kufunguliwa hili la sasa 1980 akakataa kulivuka mwaka mzima.

mjukuu_wa_mto

@kusini_kwetu @mwana_mvita asanteni sana wakuu. Hilo la Fort Jesus sikulijua, nimemsomea mjomba kafurahi mno, anasema sa mnaona. Lakini nikimuuliza mjomba Bibi alisemaje hasa kuhusu manowari, anasema Bibi alikuwa anaielezea: imelala ubavu, ina kutu, ndege wamejenga juu, watoto wanakatazwa kuisogelea. Na wazee waliita "manowari ya bomba tatu" kwa sababu ya zile bomba za moshi.

Imelala ubavu ina kutu. Hapo ndo nilipoanza kupata wasiwasi.

karani_mstaafu

Mjukuu, pole kwa msiba. Nimekuwa karani wa sensa 1978 na 1988, na 2002 nikawa msimamizi, kwa hiyo kazi hii ya kutafuta mwaka wa mtu asiye na tarehe nimeifanya kwa wazee wengi mno. Tulikuwa tunapewa kitu kinaitwa kalenda ya matukio, kila wilaya na yake. Mzee humuulizi una miaka mingapi. Unamuuliza, wakati wa jambo fulani ulikuwa umefikia wapi, umeshaolewa, umebeba mtoto, unachunga mbuzi? Ukipata matukio mawili au matatu yanayokubaliana umeshampata.

Tuanze na manowari. Gamba la meli ile halikuondoka 1915. Lilibaki pale mtoni miaka mingi, watu walikuwa wanalikata vyuma, na hadi miaka ya 1960 lilikuwa bado linaonekana. Mtoto yeyote aliyekulia delta miaka ya 30 na 40 ameiona manowari kwa macho yake, na hajasema uongo. Mjomba wako naye hajasema uongo. Alichokosea ni kudhani kuiona ni kuiona ikiwa hai.

Nzige: wale wekundu walianza kutusumbua mwanzoni mwa miaka ya 1930 na waliendelea kwenda na kurudi mpaka katikati ya miaka ya 40, kwa hiyo nzige peke yao hawatoshi. Ila Keya waliopelekwa Burma wamerudi makwao 1945 na 1946. Mwali aliye ndani mwaka huo mpe miaka 14 au 15. Tunarudi 1931, 1932. Nzige wanakubali. Kadi ya TANU 1957 inakubali, ni mama wa miaka ishirini na tano. Na ile 1940 inakataa kabisa, maana angekuwa mwali akiwa na miaka sita.

Sasa kuna jambo moja halijakaa sawa na wewe ndiye wa kulifuatilia. Mjomba kibogoyo siku ya Uhuru ana miaka sita au saba, amezaliwa 1954 au 55. Bibi kaolewa 1947. Hiyo ni miaka saba bila mtoto, kwa binti wa wakati ule. Kwenye dodoso letu kulikuwa na swali la watoto waliozaliwa hai na swali la walio hai sasa, na tuliambiwa tusiyachanganye. Kaulize kwa upole.

mjukuu_wa_mto

Mzee wangu @karani_mstaafu shikamoo. Nimesoma posti yako mara tatu. Nimemtumia mama mdogo ujumbe kwenye WhatsApp, hajajibu, ameusoma tu. Nitasubiri.

Wakati nasubiri niwasimulie kidogo, maana mkiishia kumjua Bibi kwa nzige na manowari mtakuwa hamjamjua.

Bondeni walikokaa na babu kulikuwa ndani kabisa ya mafuriko ya mto, na watu hawakuyaogopa, waliyasubiri. Mto ukipanda unaacha tope jeusi, ukishuka unapanda. Mpunga ulikuwa unakimbizana na maji, yakija taratibu unarefuka nayo, yakija kwa hasira yanaumeza. Kila familia ilikuwa na dungu, kibanda cha juu ya miti mirefu, unapanda kwa ngazi, unalala huko miezi unalinda mpunga, mchana unaamia ndege usiku unafukuza viboko na nguruwe. Mama yangu anasema utoto wake wote ameuona kutokea juu.

1968 maji yakaja kwa hasira. Baada ya hapo ndo ikaja Operesheni Rufiji, serikali ikawahamisha watu kutoka bondeni kuja juu kwenye vijiji, Bibi akaja huku Ikwiriri na mwiko, mchi, sanduku na watoto wanne, mama mdogo alikuwa bado tumboni. Huku juu kulikuwa na shule na zahanati, lakini shamba limebaki kulekule. Kwa hiyo akawa mtu wa kwenda na kurudi, saa tatu za mguu, miaka zaidi ya thelathini. Hakuna mtu aliyemuuliza kama amechoka na yeye hakusema.

Huku juu ndo alipojifunza kusoma. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, darasa likawa chini ya mwembe jioni baada ya shamba, Bibi akaenda na mtoto mgongoni. Aliweza. Alisoma barua zake mwenyewe, na ilipokuja ile kampeni ya Mtu ni Afya 1973, watu wanakaa kwenye vikundi wanasikiliza redio kisha wanajadili, yeye akawa kiongozi wa kikundi, alafu akaenda nyumba kwa nyumba kuangalia nani kachimba choo nani hajachimba. Wazee wenzie mpaka leo wanakumbuka alimkatalia mwenyekiti mmoja chakula chake kwa sababu hana choo.

Miaka ya themanini ya foleni, sukari hamna sabuni hamna, alikuwa anafulia majani ya mpapai, na chumvi alikwenda kuchemsha mwenyewe kwao delta akarudi nayo kwenye kikapu akawagawia majirani kwa kijiko. Mama anasema hakuiuza hata punje.

Sasa hii nimeiona mwenyewe. Mimi nimezaliwa 1988, nimelelewa kwake. Mvua za Elnino tulikuwa wote kwenye dungu, mimi nina miaka tisa kuelekea kumi. Jioni moja aliona siafu wanapandisha mayai kwenye mti. Hakusema kitu. Akashuka akachomeka kijiti pale maji yalipoishia, akakifunga uzi wa ukili. Usiku akaniamsha, tukashuka na koroboi, kijiti kiko ndani ya maji kidogo. Akachomeka kingine juu zaidi. Akaniambia lala. Akaniamsha tena, kile cha pili hakipo. Nakumbuka hakukimbia hata kidogo, alikuwa anafanya mambo kama mtu anayefunga duka. Akamshusha kuku, akachukua kibuyu cha mbegu ya mpunga, ile aina inayoitwa shingo ya mwali, akanifunga kanga mgongoni mwake mimi mtoto mkubwa vile, tukaingia kwenye mtumbwi gizani. Nguo zote tukaziacha. Nikalia kwa ajili ya shati langu la sikukuu. Akaniambia, "Nguo utapewa na watu. Mbegu hupewi."

Msimu uliofuata watu walikuwa wanakuja nyumbani kuomba mbegu, na alikuwa nayo.

Tena, mwaka jana Aprili yale mafuriko makubwa yaliyotupiga Rufiji na Kibiti, Bibi yuko kitandani haendi popote, sisi tunaongea nyumba za watu zilizobebwa, mashamba, yeye anauliza kitu kimoja tu. "Mkwaju umesimama?" Tunamwambia Bibi mkwaju gani? Anarudia. Tukaona uzee huo, akili zinatembea. Kijana mmoja akamwambia umesimama bibi, akalala.

Leo nimeikumbuka hiyo sijui kwa nini.

binti_pemba

Nimesoma nalia. Allah amrehemu bibi yako ampe kauli thabiti.

Bibi yangu mimi wa Wete alikuwa akisema kazaliwa mwaka wa Jubilii ya Seyyid Khalifa, na hiyo ni 1936 alipotimiza miaka 25 ya ufalme. Alikuwa na kisahani cha bati cha siku hiyo hakiguswi na mtu. Alipokufa tukakuta ndani yake kuna kitovu cha mtoto kimekauka kimefungwa pamba, na mpaka leo hatujui cha nani.

mpitanjia

Pole mkuu ila niseme kitu cha kusaidia. Andikeni 1940 iliyoko kwenye kitambulisho. Karatasi zikipishana mtahangaika, mkienda kufuatilia mirathi au hata kiwanja alichoacha mtaambiwa huyu na huyu ni watu wawili. Marehemu keshapumzika, umri hautamuongezea wala kumpunguzia. Kitu kikubwa ni dua.

mjukuu_wa_mto

@mpitanjia umesema la maana na hilo la karatasi nimelichukua, nimeulizia nikaambiwa hivyohivyo. Kwenye fomu itabaki 1940. Ila hilo la kusema umri hauna maana nimeshindwa kulikubali, na naomba nieleze kwa nini, maana mama mdogo amejibu.

Hakujibu kwa ujumbe, amekuja mwenyewe kutoka Kibiti na bodaboda jioni. Amekaa mkekani akaniambia zima simu kwanza. Alafu akaniuliza nani kakwambia uulize hiyo miaka saba. Nikamwambia kuna mzee huko mtandaoni alikuwa karani wa sensa. Akanyamaza kidogo akasema, huyo mzee Mungu amuweke.

Wakuu, kabla ya mjomba kulikuwa na watoto wawili. Wa kwanza wa kike, aliishi mpaka akaanza kutembea, degedege likamchukua kwa usiku mmoja. Wa pili wa kiume, huyo alikaa siku kumi na moja. Wote wamezikwa kule bondeni, kwenye kijiji cha zamani, ambacho sasa ni mahame, hakuna nyumba hata moja. Wamezikwa chini ya mkwaju.

Mama mdogo ndo mtu pekee aliyeambiwa, siku alipopoteza mimba yake mwenyewe miaka mingi nyuma akawa anajiona amelaaniwa. Bibi akamchukua wakaenda mpaka pale akamuonyesha. Akamwambia hawa ndugu zako, mimi nimekuzaa wewe baada ya kuwaweka hawa hapa. Hakumwambia amwambie mtu wala asimwambie.

Na mimi nimeenda na Bibi pale! Hiki ndo kinachonimaliza. Kila mwaka kabla ya kupanda, kwenye ile safari ya kwenda shamba, alikuwa anatoka njiani anaingia mahameni, tunafika kwenye mkwaju mkubwa, ananiambia pumzika. Anachukua jembe anapalilia chini yake, mahali padogo tu, anafagia kwa tawi, anakaa. Mimi naokota ukwaju. Nilijua anapumzika! Miaka yote ile nilijua bibi yangu akichoka anapenda kufagia.

Hivyo mkuu ukisema umri hauna maana, mimi nisingeuliza huo mwaka hawa watoto wawili wangepotea pamoja naye. Mama mdogo naye ana sukari na presha.

Sijamwambia mjomba bado.

kusini_kwetu

Mkuu nimeishiwa maneno. Mkwaju umesimama. Dah.

mwana_mvita

Subhanallah. Mwambie mjomba, lakini umwambie mukiwa wawili, si mbele ya watu.

karani_mstaafu

Mwanangu, katika sensa zile tatu nimekutana na kina mama wengi wakifika kwenye swali lile wanaangalia pembeni. Wengine wanasema watano, ukigeuka kufunga daftari wanakuita, karani, andika sita. Tulikuwa tunafuta tunaandika upya. Msimamizi wangu mmoja alikuwa anagomba kwa nini fomu zangu zina ufutaji mwingi.

Mpe mjomba nafasi. Ana miaka sabini, amejiona kifungua mimba maisha yake yote.

mpitanjia

Mkuu nimekuelewa. Samahani kwa haraka yangu. Leo nimempigia mama yangu nimemuuliza bibi alizaa wangapi, tumeongea saa nzima.

mjukuu_wa_mto

Wakuu nimerudi kuwapa mrejesho, mnisamehe nimekaa kimya wiki nzima.

Nilimwambia mjomba Jumamosi baada ya alasiri, wawili tu kama @mwana_mvita alivyoshauri, barazani kwake. Hakusema kitu. Akaomba maji akanywa, alafu akasema "kumbe mimi ni wa tatu." Akarudia, wa tatu. Alafu akauliza wale waliitwa nani. Mama mdogo anayajua majina, nikampigia akamtajia. Mtaniwia radhi majina hayo sitayaweka hapa, wamekaa kimya zaidi ya miaka sabini, wacha yabaki ya nyumbani kwanza.

Jumatatu alfajiri tukaenda. Mimi, mjomba, mama mdogo na vijana wawili wa kubeba maji ya kunywa. Mjomba ana goti bovu tukamwambia apande pikipiki mpaka inapoishia njia, akakubali, kutoka hapo tukaenda naye polepole. Maji ya mto bado yapo chini. Mahame yenyewe sasa ni majani marefu tu na miembe ya zamani, miembe ndo inakuonyesha hapa palikuwa nyumba ya mtu na hapa palikuwa nyumba ya mtu. Tope la mwaka jana limeacha mstari kwenye magome, uko juu ya kichwa changu.

Mkwaju umesimama. Umeinama kidogo upande wa mto na mizizi ya upande mmoja iko wazi, lakini umesimama na umezaa. Mahali penyewe pamefunikwa, tope na magugu, usingejua. Mama mdogo akapima kwa hatua kutoka kwenye shina, akasema hapa, na hapa.

Vijana wakataka kufyeka, mjomba akawakatalia. Alichukua panga akapiga magoti, lile goti bovu, akapalilia mwenyewe zaidi ya saa nzima. Tukisogea kumsaidia anasema bado. Alipomaliza akakata tawi akafagia, na wallahi alifagia kama Bibi, anavutia uchafu kwake, sio anausukuma. Sijui kajifunza wapi maana yeye hajawahi kwenda pale na Bibi hata siku moja. Tukasoma Fatiha na Yasini, tukarudi.

Njiani akaniuliza huyo mzee karani anakaa wapi anataka amshukuru. Nimemwambia simjui, namjua kwa maandishi tu. Mzee @karani_mstaafu pokea salamu zake.

Kibao tumekwenda kukiagiza juzi kwa fundi hapa Ikwiriri. Mwaka wa kuzaliwa tulibishana kidogo, mimi nilitaka iandikwe 1932 kwa sababu ya hesabu za hapa, mama mdogo akasema Bibi hiyo namba hakuwahi kuisikia, tukiiandika tutakuwa tumemtambulisha kwa mtu mwingine. Kwa hiyo kinaandikwa alizaliwa mwaka wa nzige, amefariki 10 Januari 2025, na chini yake mama wa watoto saba.

Fundi ni jirani, anaijua familia yote. Akainua kalamu akauliza, saba au watano?

Mjomba akamwambia andika saba.

Hitma ya arobaini tunaisoma Jumapili ya tarehe 16, tumeiwahisha kidogo ili watu wa mbali waipate kabla ya mfungo. Mchele ni wa shamba lake.